Firigisi na Kibuyu cha Chelagat

Ilikuwa mwaka wa uchaguzi. La, nimekosea, uchaguzi ulikuwa umepita, ni mabango tu yaliyokuwa bado kwenye kuta za mtaa wetu wa Rhonda. Basi ni mwaka uliofuata. Wakati huo Mzee Makokha alikuwa bado anaitwa Jaji, na jina hilo alilipenda kuliko koti lake.

Hakuwa jaji wa popote. Alikuwa fundi viatu aliyeachishwa kazi na macho yake, sasa anazunguka ploti za watu akiamua kesi za kamba za nguo na kelele za redio. Sifa yake ilikuwa moja: mpangaji au mwenye nyumba, wote aliwapimia kwa kibaba kimoja.

Siku moja Chelagat, mke wa mwanawe Maxwel na mama wa mjukuu wake Travis, msichana wa kutoka Bahati, alipika kuku. Mzee akafunua bakuli, akapekua mchuzi mpaka chini.

"Mama Travis, firigisi iko wapi?"

"Nilikula nikipika, Baba. Ilikuwa tamu."

Maxwel akatazama dari. Kwa kina Makokha, firigisi ni ya mkubwa wa nyumba, na haiulizwi mara mbili.

"Sikujua, Baba. Kwetu kuku ni kuku."

"Kutojua si kujitetea," Jaji akatamka. "Aliyeharibu hulipa. Utapika mwingine."

Chelagat akapika mwingine.

Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, Mzee alibaki na goti lake linalouma. Akaona kibuyu cha maziwa kikining'inia jikoni. Akachungulia ndani: cheusi tititi. Maskini mtoto wa watu, akawaza, hata kuosha vyombo hapati nafasi. Akatia maji moto, sabuni ya unga na kokoto, akatikisa mpaka jasho likamtoka. Kibuyu kikawa safi, kinanukia kama shati la harusi.

Chelagat aliporudi alikinusa, akakaa chini na viatu vyake vya kanisa. Weusi ule ulikuwa mkaa wa mti ambao mama yake alikipaka miaka na miaka, ndio unaoipa mursik, maziwa ya kugandisha ya kwao, ladha. Kibuyu hicho alipewa siku ya kuolewa.

"Sikujua, mama," Mzee akasema. "Kwetu uchafu ni uchafu."

Maxwel akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Baba, kutojua si kujitetea," Chelagat akasema. "Ama ni kwangu tu?"

"Hiyo ni kesi ingine. Ile ilikuwa kuku, hii ni chombo. Halafu mimi nilikuwa nasaidia, wewe ulikuwa unakula."

Nje, jirani yao Nerima alikuwa akianua nguo polepole kuliko nguo zinavyotaka. "Jaji! Leo korti imefungwa?"

"Chagua, Baba," Chelagat akasema. "Kama asiyejua husamehewa, kuku wa pili nilipika bure. Kama hasamehewi, kibuyu kinalipwa. Yote mawili hupati."

Mzee akaona jina lake linaning'inia kwenye kamba pamoja na nguo za Nerima. Msumeno hukata mbele na nyuma. Alikuwa ameusema sana msemo huo, akidhani yeye ndiye mpini.

Kesho yake akafunga jogoo miguu, akashika njia ya Bahati na goti lake, kuomba kibuyu kingine. Chepkosgei, mama yake Chelagat, alipoambiwa kisa cha sabuni alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Akampa kibuyu, cheusi vizuri. Kisha, kwa heshima ya mkwe, akamchinja jogoo yule yule.

Mzee akafunua bakuli. Paja, shingo, bawa. Akapekua tena, taratibu. Ng'ambo ya meza, Chepkosgei alikuwa akitafuna kitu kidogo, kigumu, kwa raha zake.

Mzee akakipakata kibuyu, akakohoa, akauliza swali ambalo mpaka leo hakuna aliyemjibu:

"Mama Chelagat, huku kwenu mtu asiyejua huambiwa kabla ya kumeza, ama baada?"