Cheti cha Kodi na Vitanda vya Rulenge

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo natabasamu peke yangu. Nilikuwa kijana, nyumbani Nyakahura, na dada yangu Minza alikuwa ameuza ng'ombe wake ili tununue lori dogo la mizigo. Loo, ungeniona! Nililiosha lori lile mpaka majirani wakauliza kama nataka kulioa.

Asubuhi ya kwanza niliwasha injini niende Nyakanazi kutafuta mzigo. Minza akapanda, akakaa kando yangu.

"Tunaanzia Biharamulo, ofisi ya kodi."

"Dada, hata gunia moja sijabeba!"

"Ndiyo maana tunakwenda leo. Sikuuza ng'ombe wangu ili ukafanye kazi ya kujificha."

Utabishanaje na dada aliyekubeba mgongoni? Tukaenda. Nikapata namba ya mlipakodi na cheti cha kodi, nikakadiriwa kodi ya mwaka, nikaambiwa nitailipa kwa awamu. Afisa akanisisitizia nidai risiti ya dizeli na ya matairi, na mimi nimpe risiti kila mteja. Tangu hapo, kila nilipolipwa, nilitenga fungu la kodi kabla sijagusa hata sahani ya wali. Madereva wenzangu pale Nyakanazi wakanibatiza Bwana Risiti. Iliniuma, sikufichi, maana kuna siku wao walikula nyama na mimi maharage.

Sasa ndiyo siku yenyewe. Tumekaa tunasubiri mizigo, akaja mzee mmoja anahema, mwenyekiti wa kamati ya zahanati mpya upande wa Rulenge. Lori lililokuwa linawaletea vitanda vya kujifungulia na dawa kutoka Mwanza lilikuwa limeharibika hapo hapo njia panda.

"Hii ni fedha ya wananchi," akasema. "Nataka dereva mwenye cheti cha kodi, anayetoa risiti halali. Nani yuko tayari?"

Mwanangu, ungewaona! Mmoja akainama kukagua matairi yake, mwingine ghafla akakumbuka kupiga simu. Nikaruka kutoka nilipokaa.

"Shikamoo mzee! Mimi ninacho!"

"Marahaba, kijana. Sogeza lori!"

Wale wale walionitania wakanisaidia kupakia, wakicheka na kunipiga mgongoni. Njia nzima niliimba. Tulifika Rulenge kabla jua halijazama, na akina mama wakalizunguka lori kwa vigelegele. Bibi mmoja akawa analipapasa boneti kama anampongeza mtu. Mwenyekiti akanishika mkono: mizigo yote ya ujenzi wao ningebeba mimi. Nikampigia Minza simu. Nikainua simu juu, asikie vigelegele mwenyewe.

Kwa hiyo wewe uliyenunua lori lako juzi, nisikilize. Kajisajili kabla ya safari ya kwanza. Hela ya kodi usiichanganye na ya mafuta wala ya nyumbani. Itenge siku hiyo hiyo unayolipwa. Dai risiti, toa risiti. Na biashara ikidorora, usiwakimbie watu wa kodi, nenda ukawaeleze mapema. Raha ya kumwona mkaguzi mbele yako barabarani na mguu usitetemeke, mwanangu, ni raha kubwa sana!

Mungu akulinde katika kona za milima ya Ngara, akupe breki nzima na wateja waaminifu, na kila mlango utakaposhusha mzigo wakupokee kwa furaha.