Ukungu Chini ya Msolo

Mume wangu alichukuliwa na askari kubeba mizigo wakati vita vya Maji Maji vilipokuwa vinazimwa, na wenzake waliporudi, yeye hakurudi. Nikabaki Lupaso na mtoto mgongoni, pamoja na mama mkwe wangu. Sisi ni Wayao, na nyuma ya nyumba ulikuwepo msolo, mti wa matambiko wa ukoo. Kila jioni mama mkwe alimwaga unga wa mtama pale chini, ukasimama kama kichuguu kidogo, akawaomba wazee wamrudishe mwanawe. Asubuhi akikuta haujaporomoka, alisema yu hai. Mimi nami nilishikilia hapohapo.

Wajerumani walikuwa wamepanda miti ya mpira jirani na sisi, kwa jasho letu bila shaka, na miche ikaanza kufa. Mizizi ilikuwa na ukungu mweupe. Sisi tulioibeba kichwani kutoka Lindi tuliuona ukungu ule miche ingali kwenye masanduku, lakini nani alituuliza? Bwana shamba wao alitaka kujua jambo moja tu: ugonjwa huu ni mgeni au ni wa hapa? Ukiwa mgeni, angechoma miche yake. Ukiwa wa hapa, mti wetu wowote utakaoonekana nao ungekatwa. Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani.

Alikuja na mkalimani wa pwani, akawa anakwangua magome kwa kisu. Hakupata kitu, nikaanza kupumua. Halafu akainama chini ya msolo. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na unga wa zamani ulikuwa umegandamana na mizizi na kuota ukungu. Akauchokoa, akaunusa, uso ukamchangamka.

Mkalimani naye aliusugua kidogo kwa vidole. Alitambua kuwa ni unga, nilimwona usoni.

"Mama," akamwuliza mama mkwe polepole, "hiki ni nini?"

Nilitamani kupiga kelele kwamba ni unga, unga wa kuliwa! Lakini unga chini ya mti ni tambiko, na siku zile kwa Mjerumani tambiko ni dawa, na dawa ni maji ya vita. Watu walikuwa wamenyongwa kwa kisa kidogo kuliko hicho.

"Sijui, bwana," akasema mama mkwe. "Labda ndio huo ugonjwa."

Mkalimani akatafsiri. Bwana shamba akaitikia kwa kichwa: wa hapa.

Waliukata mchana uleule, wakang'oa mizizi, wakachoma. Hasira yangu haikuwa na pa kwenda.

Jioni mama mkwe akatoka na unga kiganjani. Alisimama mbele ya shimo lenye majivu.

"Mkwe wangu," akaniuliza, "sasa nimwite wapi?"

"Sijui, mama."

Tukasimama pale mpaka giza likaingia, naye hakuufungua mkono.