Tulichagua server ya ofisini badala ya cloud, masika ikatukuta mlango umefungwa

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi nipo Ifakara. Sitatia chumvi kwenye hili, maana yaliyotokea yanatosha yenyewe.

Nafanya kazi kwenye taasisi ndogo hapa Lumemo. Tunahudumia watoto wenye kifafa, tunawapelekea dawa majumbani na kuwafuatilia. Tupo wachache, pikipiki yenyewe tunapokezana.

Tulipoamua kuacha makaratasi, ubishi ukaanza. Mimi nilitaka cloud, data zitunzwe mtandaoni. Deo, fundi wetu wa kompyuta, akataka server, mashine ya kutunzia data, ikae ofisini. Hoja zake zilikuwa nzuri, nisimwonee: hakuna malipo ya kila mwezi, na data zinabaki mikononi mwetu.

Aliyemaliza ubishi ni mkurugenzi, mama mmoja nesi mstaafu.

"Mwanangu, huku mtoto akijulikana ana kifafa anatengwa. Hizo siri zikae humu ndani, mlango ufungwe."

Hapo nikakubali.

Server ikasimikwa ofisini kiangazi, ikapiga kazi safi kabisa. Ukiwa kijijini huko Kiberege unafungua simu, unaona mtoto, dawa zake, na msimu wa kilimo familia inahamia wapi.

Kwa wasiojua: huku masika ikiingia watu wanafunga nyumba, wanahamia bondeni. Wanalala kwenye madungu, vibanda vya kuinuliwa katikati ya mpunga, mpaka wavune. Kwa hiyo tuliandika kila familia inakwenda shamba gani. Tulijiona wajanja kweli kweli.

Sasa hapa ndipo tulipochemka. Tulisahau kwamba na sisi ni wa huku huku!

Mvua zikaanza. Deo akaenda shambani kwake upande wa Mlimba, simu haipatikani. Mlinzi mwenye funguo naye akaenda palizi. Ofisi ikabaki na kufuli. Umeme ukakatika, ukarudi, server haikuwaka. Ile inataka mtu wa kuibonyeza.

Mimi hayo siyajui. Niko Kiberege, mlangoni kwa mama Asteria. Asteria ni binti wa darasa la tano, na nilijua dawa zake zinaishia. Nyumba imefungwa.

Jirani akaniambia, "Hao wamehama, wako shamba."

"Shamba gani, mama?"

"Si huko bondeni."

Wakuu, bonde lenyewe mngeliona! Nafungua app, inazunguka tu. Nampigia mama Asteria, hapatikani.

Niliogopa. Dawa za kifafa zikikatika ghafla, kinarudi kwa nguvu. Na kule dunguni moto uko hapo chini, maji yako kila upande.

Nikampigia mkurugenzi. Magoti yanamsumbua yule mama, lakini alipanda bodaboda hadi ofisini, akamwita mjumbe wa mtaa ashuhudie, kufuli likavunjwa. Akaiwasha mashine, akanipigia anahema: "Wako shamba la babu yake. Ukipita kanisa la kigango cha pili, uliza."

Pikipiki niliiacha njiani, nikakanyaga tope hadi nikawapata.

Asteria alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa kitenge. Asubuhi ile kifafa kilimkamata karibu na moto, mkono ukaungua.

Machozi yalinitoka, sifichi.

Mama yake hakufoka. Bora angefoka. Alisema tu, "Dawa ziliisha juzi. Nikasema nisihangaike kurudi mjini na mtoto, ninyi si mnajua tuliko."

Tulikuwa tunajua, wakuu. Tulikuwa tumejifungia wenyewe nje.

Tukamtoa siku ile ile hadi hospitali. Sasa tumehamia cloud, na tumechukua program inayobakiza kumbukumbu kwenye simu hata mtandao usipokuwepo, kila simu na nywila yake. Mkurugenzi alikubali, akasema, "Siri tuliitunza mpaka ikatushinda sisi wenyewe."

Nilichojifunza: wote tulibishania bei na usalama, nikiwemo mimi. Hakuna aliyeuliza masika nani atakuwepo. Kama taasisi yenu inahudumia wakulima, na nyie wenyewe ni wakulima, anzeni na swali hilo.

Mnaofanya kazi na watu wanaohama kwa msimu, mnatumia nini? Karibuni mchangie, hata kunikosoa.

Ila Deo msimseme vibaya, anapita humu na anasoma. Kila Asteria anapotakiwa kubadilishiwa bandeji, ni yeye anayempeleka hospitali.