Chai Aliyonyimwa Wifi

Unyenyekevu haukuwamo miongoni mwa mimea aliyopanda Mama Majani. Alikuwa na mchaichai, mnanaa, mrehani, rozmari, tangawizi na shubiri, yote imebanana nyuma ya chumba chake cha ushonaji, kati ya ukuta na tangi la maji, na kila aliyeingia kupimwa suruali alionyeshwa bustani kwanza. Upende usipende, ungepelekwa. Ungepewa jani, ungeambiwa ulisugue kwa vidole, ulinuse, useme. Na ole wako useme "linanukia vizuri" halafu unyamaze. Mama Majani alitaka sifa kamili.

Tusimwonee, sifa hizo alizitolea jasho. Akiwa bado msichana aliajiriwa kwenye karakana ya kushona sare za shule. Vyerehani vilikuwa safu kwa safu, madirisha madogo yako juu karibu na dari, na vumbi la kitambaa lilijaa hewani kiasi kwamba mtu akipenga kamasi, rangi yake ilikuambia leo zinashonwa sare za shule gani. Wote walikuwa wakikohoa. Yeye ndiye aliyechomeka shina la mchaichai kando ya bomba la nje, pale maji yalipomwagika bure, na ndiye aliyeanza kutia birika jikoni wakati wa mapumziko. Mwanzoni msimamizi alinuna, akauliza kama hapa ni kiwandani au hotelini. Baada ya muda akaonekana amesimama kwenye foleni na kikombe chake mwenyewe. Jina la Mama Majani lilizaliwa hapo, kabla hajawa mama wa mtu.

Alipofungua chumba chake mwenyewe aliupanda mnanaa ardhini, pamoja na wenzake. Hilo ni kosa ambalo mtunza bustani hulifanya mara moja tu maishani. Alipokuja kushtuka, mnanaa ulikuwa umepita chini kwa chini, umeukaba mrehani, umeifikia rozmari na unachungulia bafuni kwa jirani. Aliung'oa kwa jembe na matusi, kisha akaufungia ndani ya sinki kuukuu la kunawia, na humo ulibaki kama mfungwa.

"Mmea hauna haya huu," aliwaambia wateja. "Ukiukaribisha sebuleni, unataka chumba cha kulala."

"Umemfuata mwenye bustani," alijibu wifi yake.

Wifi huyu alikuwa dada wa mumewe. Aliuza ndoo na mabeseni sokoni, na mtaji wake mkubwa ulikuwa sauti. Alipoita wateja, hata wauza samaki upande wa pili waligeuka kuangalia kama wanadaiwa beseni. Kila alipotoka sokoni alipitia kwa Mama Majani, akajitupa kwenye benchi la wateja, benchi ambalo yeye aliliita wodi.

"Leo wodi imejaa, daktari wa mapindo?" angeuliza. "Kuna kitanda kwa ajili yangu?"

"Wagonjwa wa mdomo hatuwapokei. Hauna dawa."

Walipendana sana hao, ila usingewasikia wakisema.

Kazi ya majani Mama Majani aliifanya kwa kanuni, kama alivyofanya kazi ya kitambaa. Alikata asubuhi umande ukishakauka. Alianika kivulini, kwenye uzi aliouvuta juu ya meza ya kukatia, kwa sababu jua hubeba harufu yote na kukuachia nyasi. Tangawizi ilichemka mpaka ikasema yote iliyokuwa nayo, lakini mnanaa ulimwagiwa maji ya moto tu, ukafunikwa, ukaachwa utulie. Aliyethubutu kuchemsha mnanaa alikaripiwa kama mtu aliyeunguza suti ya bwana harusi kwa pasi. Na alipokwisha kumimina, akiwa amesimama katikati ya chumba na futi ya kupimia imening'inia shingoni, alitoa tamko lake.

"Kikohozi hakivuki kizingiti hiki."

Alilisema mara nyingi mno. Mwenye duka la jirani alikuwa akimmalizia.

Basi wifi akaanza kukohoa. Hakuna aliyeshtuka, ulikuwa msimu wa baridi na kila mtu alikuwa na lake kooni. Mama Majani alimpa mchaichai na tangawizi, limau na kijiko cha asali, na kweli kikohozi kikapoa. Kisha kikarudi. Akaongeza tangawizi. Kikapoa kidogo, kikarudi tena. Akabadilisha, akaweka mrehani na karafuu, akamfukiza kwa majani ya rozmari chini ya shuka, mpaka wifi akalalamika kwamba ananukia kama pilau.

Baridi ikapita, vifua vya watu wengine vikanyamaza, wifi akaendelea. Sauti ile ya sokoni ikakwaruza. Akaanza kugonga beseni kwa mwiko ili wateja wamwone.

"Mama Majani," mwenye duka alitania siku moja, "hiki naona kimevuka kizingiti."

"Majani yanataka subira," alijibu, akacheka. Lakini maneno yale yalimchoma, na jioni ile alichuma mchaichai kwa hasira, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza ndani yake. Tuseme ukweli: hakuwa akipigania kifua cha wifi peke yake. Alikuwa akilipigania pia tamko lake.

Kilichomfungua macho si jani wala kikombe. Ni pini.

Wifi alikuwa amenunua kitambaa cha kijani, akataka gauni la kumbana kiunoni. Mama Majani hakumpima. Alikuwa amemshonea miaka mingi, mwili ule aliujua kwa mikono, angeweza kuukata gizani. Alikata, akaunga, akamwita aje kujaribu. Wifi akaingia ndani ya gauni, akasimama mbele ya kioo, na gauni likamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

Mama Majani alipiga magoti, pini zimebanwa midomoni. Akachomeka moja ubavuni. Kitambaa kikazidi. Akavuta zaidi, akachomeka nyingine. Bado kikazidi. Akahamia upande wa pili, na huko nako kulikuwa vilevile.

"Unaona?" wifi alijigeuza geuza kwa furaha. "Nimerudi usichana. Muuza samaki mmoja jana kaniita dada mdogo."

Akakohoa, akashika ukingo wa meza mpaka kikaisha. Mama Majani alikuwa ameweka kiganja mgongoni mwake ili gauni lisisogee. Alihisi mbavu. Alihisi pia kwamba mgongo ule umelowa, na chumba hakikuwa na joto.

Alitoa pini mdomoni, moja moja.

"Wifi, usiku unalala vizuri?"

"Nalala kwenye dimbwi. Nabadilisha shuka kama mwenye mtoto mchanga. Haya, nipe chai yangu, niwahi."

Chupa ya chai ilikuwa palepale mezani. Benchi lilikuwa na watu: mwenye duka aliyeleta suruali ya kupunguzwa, na mwalimu wa kike aliyekuwa akisubiri sketi. Wote walikuwa na vikombe mkononi. Mama Majani aliishika chupa, akakaza kifuniko, akaiweka chini ya cherehani.

"Leo sikupi," alisema.

"Umeishiwa sukari?"

"Sikupi leo, sikupi kesho. Nenda ukapimwe. Majani yangu hayakiwezi kikohozi hicho."

Tamko la miaka yote lilikuwa limeanguka sakafuni, kati ya vipande vya vitambaa, na aliyeliangusha ni mwenyewe. Mama Majani alihisi uso unamwaka. Angetoa chochote ili mwenye duka awe na suruali isiyohitaji fundi siku ile na abaki dukani kwake.

Wifi alicheka, akafikiri ni utani. Alipoona si utani, alikunja uso.

"Mimi? Wapita njia unawamiminia, mimi unanifichia chupa?"

"Wewe."

"Mbele za watu?"

"Ningekuambia faraghani ungenicheka ukaenda zako."

"Sawa," wifi alisema, akilivua gauni kwa hasira mpaka pini zikamchoma. "Kaa na majani yako. Mnanaa una haya kuliko wewe."

Akatoka. Kikohozi chake kilisikika mpaka kona.

Habari zilifika nyumbani kabla ya Mama Majani. Mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshanawa mikono lakini hajagusa chakula.

"Nasikia umemfukuza dada yangu."

"Sikumfukuza. Nimemnyima chai."

"Kuna tofauti gani?"

Alitaka kumweleza habari za pini, mgongo na shuka, lakini kilichomtoka ni kimoja tu. "Naogopa, baba watoto. Amekwisha ndani ya nguo."

Mumewe aliisogeza sahani kando. Tangu waoane alikuwa amemsikia mkewe akisema anajua, ana hakika na alishasema. Neno naogopa lilikuwa geni ndani ya nyumba ile.

"Kesho mpeleke," alisema. "Akigoma, niite, nitambeba kwenye keria ya baiskeli."

Kesho yake Mama Majani alifunga chumba, na ulikuwa msimu wa sare, wazazi wanapanga foleni mpaka barabarani. Akaenda kukaa kwenye ngazi ya nyumba ya wifi yake.

"Umeniletea chai?" wifi aliuliza kupitia dirishani.

"Nimekuletea miguu yangu. Vaa viatu."

"Siendi."

"Basi nami siondoki. Na njaa inaniuma, na unajua nikiwa na njaa naimba."

Wifi aliujua uimbaji ule. Alivaa viatu. Njia nzima alitangulia, kanuna hadi mabegani, na Mama Majani akafuata nyuma akihesabu sauti za kile kifua kana kwamba ni watoto wake wanavuka barabara.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuliza maswali yake kwa upole. Kimeanza lini? Umetumia dawa gani?

"Muulize huyo hapo nyuma," wifi alisema. "Ndiye daktari wangu."

Mama Majani alisimama kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Nilimpa majani," alisema. "Mchaichai, tangawizi, mrehani. Nimempa kwa muda mrefu. Yameshindwa."

"Hayakumdhuru," muuguzi alisema, akiandika. "Ila yamemchelewesha."

Neno hilo lilimwingia Mama Majani kuliko matusi yote ya wifi. Alilichukua likawa lake.

Kilikuwa kifua kikuu. Watu wa nyumba zote mbili walipimwa, na wifi akaanzishiwa vidonge, vya kumezwa kila siku kwa miezi, unajisikia vibaya unameza, unajisikia vizuri unameza. Alinuna wiki za mwanzo na kukataa kumwona Mama Majani. Mama Majani alikwenda hivyo hivyo kila siku, akasimama mlangoni mpaka aone kidonge kimeshuka na maji, kisha akarudi kwenye cherehani. Siku wifi alipojisikia nafuu akataka kuviacha, walirushiana maneno mpaka majirani wakafungua madirisha. Kidonge kilimezwa.

Na pale kwenye chumba cha ushonaji mambo yalibadilika kidogo. Chai iliendelea kumiminwa na bustani iliendelea kuonyeshwa, hilo lisingekoma. Lakini sasa kabla ya kikombe kulikuwa na swali: kimeanza lini? Aliyetaja wiki nyingi alipewa kikombe kimoja tu, na akaelekezwa njia ya kituo cha afya kwa kidole chenye kastabini ya kushonea. Tamko la kizingiti halikusikika tena. Mwenye duka alilingoja, akalikosa, na kwa heshima yake hakuuliza.

Siku moja, mchana, sauti iliingia kabla ya mwenyewe.

"Wodi! Kuna kitanda?"

Wifi alikuwa amemaliza dozi, amepimwa, ameambiwa amepona. Mashavu yamerudi, makalio yamerudi, na mdomo, ambao kwa kweli haukuwa umekwenda mbali. Alidai gauni lake la kijani. Mama Majani alilitoa kabatini. Wifi akajiingiza ndani yake, akafika kiunoni, akakwama.

"Nilijua!" alilalama. "Ulilibana siku ile. Kitambaa changu kizuri chote kimeharibika."

"Vua."

Mama Majani aligeuza gauni upande wa ndani, akachukua kiwembe, akaanza kufumua ubavuni. Uzi ulikatika, mshono ukafunguka, na kitambaa kikaanza kutoka ndani. Kilitoka kingi, cha kijani kile kile kisichoguswa na jua, ubavu huu na ubavu ule. Wifi alipoondoka siku ile, alikuwa amelipunguza kwa kushona tu, bila mkasi. Kila wifi alichopungua mwilini, Mama Majani alikuwa amekikunja na kukihifadhi ndani ya mshono.

Wifi alikigusa. Alikifuata kwa kidole kutoka kwapani hadi kiunoni.

"Hukukata," alisema.

"Nikate cha nini? Nilijua utarudi kukidai."

Hakuwa amejua. Alikuwa ameomba tu, kila alipolifungua kabati lile. Akainama kwenye cherehani upesi ili asionekane macho, akashona mishono mipya kwa kipimo cha zamani.

Gauni lilimkaa barabara. Mama Majani aliuchuma mnanaa sinkini, akaumwagia maji ya moto, akaufunika, akasubiri, akamimina. Wifi alipokea kikombe kwa mikono yote miwili. Mlangoni alikuwa ameingia mteja mgeni na kitambaa chake kwapani, mtu asiyejua lolote la mtaa ule, na wifi akamgeukia kwa sauti yote ya sokoni.

"Umekuja kwa fundi hasa, mama. Unamwona huyu? Aliwahi kuninyima chai. Mimi, wifi yake!"

Mgeni alitazama huku na huku, asijue kama acheke au aondoke. Mama Majani alijinyoosha mgongo, akaiweka sawa futi shingoni, na kichwa kikamvimba kama zamani.

"Nilimnyima," alisema. "Karibu uone bustani."