Boti Sita Zilizomkimbilia Mama Meidei

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, abiria kumi na wanane wameshakaa, mizigo imeshafungwa, na injini ya boti iitwayo Tulizana inanguruma kama inayotaka kuondoka bila nahodha wake. Nahodha hana habari nayo. Ameshika kipaza sauti cha redio, ameinamisha kichwa, anasubiri kituo cha bandari kimjibu.

"Kituo, kituo, hapa Tulizana, napima redio. Mnanipata? Ova."

Kimya. Mwalimu mmoja aliyepakata bahasha za mitihani anatazama saa yake na kuuliza, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika na wote, kama redio ndiyo inayosukuma boti. Watu wanacheka. Nahodha anacheka nao, kisha anabonyeza kitufe na kuita tena. Ni mara ya tatu ndipo sauti yenye usingizi inapomwambia kwamba anapatikana vizuri. Hapo ndipo anapomruhusu msaidizi wake kufungua kamba.

Mama huyu ana miaka hamsini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye usukani, akivusha watu kati ya bandari na visiwa viwili vinavyoonekana kwa mbali. Redio yake aliinunua kwa mapato ya wiki tano, wakati nyumba yake bado haina mlango wa nyuma. Bandarini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Meidei, na hawakumpa jina hilo kwa kumsifu.

Meidei ni neno ambalo nahodha hulitamka redioni mara tatu pale maisha ya watu yanapokuwa hatarini. Likisikika kwenye chaneli ya kumi na sita, ambayo kila boti huiacha wazi, aliye karibu huacha alichokuwa akifanya na kwenda. Miaka kumi na mmoja iliyopita, siku yenye upepo mkali, injini ya mama huyu ilizimika na maji yakaanza kumsukuma kuelekea kwenye miamba akiwa na abiria kumi na tisa. Akaita. Boti sita zikageuza.

Kabla ya boti ya kwanza kufika, msaidizi wake aligundua kwamba begi la abiria lilikuwa limeegemea koki ya mafuta na kuifunga. Akaifungua, injini ikawaka. Waokoaji walipofika, roho juu, walimkuta anakuja zake polepole, abiria wakiwapungia mikono.

"Ningekuwa na pa kujificha ningejificha," anasema. "Koki ya mafuta. Nahodha mzima, koki ya mafuta."

Jioni ile nahodha wa boti ya kubebea saruji, mtu ambaye ulimi wake haujui likizo, alimwita redioni huku bandari nzima ikisikiliza: "Mama Meidei, umefika nyumbani salama, au tuje tukufungulie na mlango?" Jina likaganda hapo hapo.

Yeye alilimeza. Aliyeshindwa kulimeza ni binti yake, kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi. Darasani, kila alipoinua mkono kumuuliza mwalimu jambo, wenzake wa nyuma walinong'ona, "Meidei, Meidei, Meidei." Mtoto akaacha kuinua mkono. Mama alikuja kuyajua hayo binti akiwa ameshakuwa mtu mzima, na yanamuuma kuliko dhihaka zote alizofanyiwa yeye mwenyewe.

Binti huyo sasa ana miaka ishirini na mmoja na leseni ya unahodha. Mwaka huu tajiri mmoja alimkabidhi boti ya abiria kumi na wawili. Mama alitamba nayo mtaani wiki nzima, hata kwa watu wasiomuuliza.

Mwezi wa nne wa kazi hiyo, binti alichelewa kurudi kwa saa mbili. Injini ilikuwa imemgomea katikati ya maji. Aliifungua mwenyewe, akahangaika nayo huku boti ikielea na abiria wakitapika, mpaka ikakubali. Hakumwita mtu yeyote redioni; mama alisikia kwa abiria. Mama alipanda kwenye boti ile, akawasha redio, akaipima. Ilikuwa nzima, na betri imejaa.

Usiku huo jikoni alimuuliza kwa nini hakuita. Hakuhitaji hata kusema meidei; angesema tu "pan-pan", maneno ya mtu aliyepata shida ambayo bado haijafika kwenye kifo. Binti aliendelea kumenya vitunguu.

"Niite, Mama, niwe kama wewe?"

Mama aliinuka. Alitoka nje akasimama karibu na tangi la maji, na anasema hajawahi kuogopa vile, hata siku ya miamba. Aliona wazi kwamba mwanawe anaweza kufa maji akiwa na redio nzima mkononi, kwa aibu ambayo si yake.

 Siku ya nne baada ya hapo, wakianika nguo, mama alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Kwamba kabla koki haijafunguliwa aliinua macho, akaona boti zinakuja kutoka pande zote, moja ikiwa bado inaburuta wavu wake, na akalia kwa furaha.

"Wewe unakumbuka waliocheka," alimwambia. "Mimi nakumbuka waliokuja. Na ni hao hao."

 Binti alimaliza kuanika, akaingia ndani.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, Mama Meidei alikuwa kisiwani akishusha trei za mayai aliposikia redio ikisema pan-pan, mara tatu, kwa sauti anayoijua tangu ilipokuwa ikililia titi. Sauti ilitaja jina la boti. Ikataja mahali, magharibi ya ukuta wa mawe wa bandari. Kamba imejisokota kwenye pangaboi la boti, injini haisukumi, nanga haishiki, upepo unatupeleka ukutani. Watu kumi na mmoja, wote wamevaa jaketi za kujiokoa. Tunaomba kuvutwa.

"Nilikishika kipaza sauti kwa mikono miwili," anasema binti. "Nilijua bandari nzima inanisikia. Nikasema, basi inisikie."

Mama aliyaacha mayai gatini na kuwasha injini, ingawa alikuwa umbali wa dakika ishirini. Kabla hajabonyeza kitufe, mwingine alishajibu: nahodha wa boti ya saruji. Hakutania. Alisema amempata, yuko dakika saba, aongeze kamba ya nanga na abiria wakae chini. Kisha akamwita "mwanangu".

Alimfikia binti akiwa amebakiza kama mita arobaini kugonga ukuta.

"Nilicheka, ndiyo," anakiri nahodha huyo. "Lakini baada ya kufunga kamba." Halafu anaongeza, bila kuulizwa, kwamba yeye mwenyewe boti yake imewahi kuingia maji mara mbili na mara zote mbili alinyamaza, akijikaza kufa na tai shingoni, kwa kuogopa kupewa jina kama alilompa mwenzake.

Tangu wiki iliyofuata, kila Ijumaa alasiri, manahodha tisa hukusanyika kwenye ofisi ya chama chao. Redio huzimwa, na kila mmoja husimama na kipaza sauti mkononi, akiita msaada kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanaume wenye ndevu zao wanaona haya kama wachumba ukweni. Binti ndiye anayewasahihisha, na anayeruka idadi ya abiria anarudia upya.

Mama Meidei anapanga kumwachia binti yake Tulizana baada ya miaka miwili. Mpaka siku hiyo, anasema, ombi lake kwa wenzake ni moja, na amelirudia kila Ijumaa.

"Waniite mapema, hata kama ni bure. Nikifika nikakuta mtu yuko mzima, anacheka, mimi nimepoteza mafuta tu. Mafuta yananunuliwa."