Sindano kwa Mama-buko

Niliingia zahanati ya kambi yetu, hapa Likasi, nikiwa mgonjwa. Nilikuwa nikivunja mawe ya chokaa Kakontwe. Siku moja niliteleza, jiwe kali likanichana mguu, na tangu hapo ikanibidi kwenda kila asubuhi kubadilishiwa bendeji. Mwuguzi mkuu alikuwa mtu wa Kasai, mnene, mwenye sauti ya kuimba kwaya. Nilimtazama akichemsha sindano za kioo katika sufuria, akizitoa kwa koleo na kuzilaza juu ya kitambaa bila kuzigusa.

"Juu ya nini haugusi na mukono?" nilimuuliza. "Si umenawa?"

"Weye, kidonda yako iko ku muguu ao iko ku kinywa?"

Lakini alinieleza. Kesho yake niliuliza lingine, na keshokutwa lingine. Mguu ulipopona nilikuwa najua jina na kazi ya kila kitu kilichokuwa kabatini, na mfagiaji wao alikuwa ameacha kazi. Niliomba nafasi yake. Wenzangu machimboni walinicheka: "Unaacha nyundo, unaenda kushika fagio!" Sikujali. Jiwe halijibu swali.

Shule yangu iliishia msingi. Kifaransa cha dawa nilijifunza kwa kusoma vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, na neno lililonishinda nilimpelekea katekista wetu. Mkuu alipoona siachi kuuliza, aliniletea papai na chaki. Alichora msalaba juu ya papai.

"Hii ni kalio ya muntu. Unaigawa mara ine. Unatoboa hapa juu, upande wa inje. Huku chini munapita mushipa. Ukiugusa, umeisha kulemaza muntu."

"Huo mushipa unatoka wapi?"

Aliinuka, akaweka kidole kiunoni mwake, akakishusha nyuma ya paja hadi kisigino. Siku ile nilirudi nyumbani nikiusikiliza mshipa huo katika kila hatua, nikistaajabu kwamba nilikuwa nimetembea nao maisha yote bila mtu kuniambia.

Baada ya mapapai, nilianza kuchoma watu, mkuu akiwa amesimama nyuma yangu. Mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha, aliniita kando, akitumia lile neno la serikali la kumwita kila raia.

"Citoyen, munganga mukubwa, docteur, atakuja kisha mvua. Ataniuliza kitu moja tu: huyu anaweza kutoboa sindano muntu yote mwenye kuletwa? Nikisema ndiyo, utabakia hapa kama aide-infirmier, musaidizi yangu. Nikisema hapana, unarudia ku mawe."

"Muntu yote?"

"Muntu yote."

Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka kazi ile.

Haikupita muda, mke wangu akamleta mama yake kutoka kwao, kando ya ziwa Tshangalele. Alikuwa akikohoa huku ameshika ubavu. Mkuu alimsikiliza mgongoni akasema ni homa ya mapafu, achomwe penisilini kila siku mpaka apone. Kisha aliitwa chumba cha pili kwa mama aliyekuwa anajifungua, na kutoka huko akapaza sauti: "Citoyen, weye njo utamutoboa!"

Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka nje.

Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Tangu nioe, nilikuwa namfahamu mama-buko kwa mgongo wake na kwa sauti yake nyuma ya ukuta. Haya hiyo ina njia ya kuondolewa: wajomba hukaa, chakula hupikwa, kuku huchinjwa. Sisi hatukuwa tumefanya hivyo, na wajomba walikuwa ziwani. Na sasa nilitakiwa kumchoma makalio.

Mke wangu alinifuata barazani. "Juu ya nini umetoka?"

"Unajua."

"Najua. Na mama eko anakufa."

"Citoyen!" Mkuu alikuwa anatusikia kupitia ukuta. "Nilisema muntu yote!"

"Chef, ni buko yangu!"

"Hata kwetu tuko na ba-buko! Utamuheshimia mu kaburi?"

Nilijaribu kufikiri kwa utaratibu. Niliwaza kumwelekeza mke wangu aichome mwenyewe, nikakumbuka ule mshipa, nikaacha. Niliwaza kungoja mkuu amalize, lakini kutoka chumba cha pili tulisikia mkunga akisema mtoto bado yuko mbali.

Ndipo sauti ya kukwaruza ikatoka ndani.

"Weye, kiti."

Kando ya kitanda kulikuwa na kiti kidogo cha mbao. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

"Kiti, niko nakuuliza. Bwana ya mutoto yangu eko wapi?"

Mke wangu alinitazama, kisha akakijibia kiti. "Eko ku kazi, mama."

"Ku kazi ya mawe?"

"Ndiyo, mama. Ku Kakontwe."

"Basi hayuko humu."

"Hayuko."

"Kiti, uambie munganga aingie. Naye asikawie, ubavu inaniuma."

Niliingia. Alikuwa amelala kifudifudi, kichwa chote kimefunikwa kitenge, na mke wangu akafunua sehemu ndogo tu, pana kama kisahani. Niliuchora msalaba kichwani mwangu. Nilipangusa, nikachoma, nikavuta kidogo kuona kama damu inarudi, nikasukuma dawa polepole. Ulikuwa msuli kama misuli mingine, wenye joto la homa.

"Kiti," alisema chini ya kitenge, "huyu mukono yake ni mwepesi. Ule wa kwetu ku ziwa anatobolaka bantu sawa anapasua samaki."

Ikawa hivyo kila siku. Nyumbani kwangu alipitia nyuma ya jiko, nami nilikohoa kabla ya kukata kona. Zahanati alinigombeza kupitia kiti kwamba nimechelewa. Nilitaka sana kujua mpaka uko wapi hasa, nikaanza kuchunguza. Barazani alinigeuzia mgongo; hatua moja ndani ya mlango, alianza kusemesha kiti. Mpaka ulikuwa kizingiti.

Siku ya sindano ya mwisho mkuu alikuwepo.

"Kiti, uulize munganga kama eko na bibi. Kama hana, nimebakiza mutoto mwanamuke mwengine kule ku ziwa."

"Mama!" mke wangu alipiga kelele.

Mkuu alicheka mpaka akakosa nguvu, akajiangusha juu ya kile kiti.

"Toa matako yako pale," sauti ikasema. "Unakalia mujumbe yangu."

Mvua zilipokwisha, daktari alikuja, akauliza swali lake mbele yangu.

"Anaweza," mkuu alijibu. "Hata buko yake."

Nilipewa koti jeupe. Mke wangu alipeleka habari ziwani, alikokuwa amerudi mama yake, na baadaye kikarudi kifurushi cha samaki wakavu pamoja na maneno ya kuambiwa: samaki hawa ni wa munganga, bwana ya mutoto yangu asionje, mpaka wajomba wakae.

Mke wangu alilifikiria jambo hilo kwa makini kuliko mimi, akakataa kuwapika nyumbani. Niliwabeba hadi zahanati, nikavuka kizingiti, tukawala mkuu na mimi.