Kifimbo cha Kwantamu

Hasira yangu haijapoa, na asiniambie mtu nitulie.

Nafundisha fizikia hapa Rongai, karibu na Nakuru. Jumapili moja nikiwa Naivasha, wazee wa kanisa letu walimkaribisha muuzaji wa dawa za lishe. Alikuja na laptopu na kifimbo cha chuma. Unakishika dakika moja, mashine inachapisha magonjwa yako yote. Mashine ya kwantamu, eti, ile fizikia ya chembe ndogo mno. Mama yangu ana kisukari na hujidunga insulini kila siku. Naye akakishika. Karatasi ikasema sukari yake iko sawa kabisa, atumie tu unga wa majani na kuwaza mema. Akaweka sindano kando. Siku ya nne tulimkimbiza hospitali Nakuru akiwa hajitambui.

Alipopata fahamu, nilifoka. Nilimwita yule mtu mwizi, nikawaita wazee wajinga, wodi nzima ikanigeukia. Mama alinisubiri nimalize.

“Si ni wewe ulituambia ukikitazama kitu, kinabadilika?” akauliza. “Wazee walimsimulia yule mtu, naye akasema hata mwalimu wenu anajua.”

Nilikuwa nimesema, ndiyo. Siku ya vijana kanisani nilipewa kipaza sauti nizungumzie sayansi na imani, nikasema macho yetu huubadilisha ulimwengu. Watu wakaitikia amina, wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Na ukweli niliujua. Elektroni haina mahali pamoja pa hakika kabla ya kupimwa. Hesabu hutupa uwezekano tu. Lakini kupima ni chombo kugusana na kitu. Macho ya mtu hayahusiki, wala imani yake. Elektroni haijali unawaza nini, na sukari ya damu haijali pia. Hayo nayafundisha kila mwaka ubaoni, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Kanisani nikatamani makofi.

Muuzaji nimemlaani na bado namlaani. Ila maneno aliyoyatumia yalikuwa yangu, mwendawazimu mimi.

Nikamweleza mama yote hayo, polepole, bila madoido. Akaichukua sindano ya insulini iliyokuwa kando ya kitanda.

“Kwa hivyo ulitudanganya madhabahuni.”

“Ndiyo, mama.”

“Na hii sindano?”

“Hii ni kweli.”

Alinitazama kama mtu asiyenijua vizuri. Kisha akamwita nesi, akamuuliza yeye.